Barua Iliyomshinda Quisling
Habari za Walimu wa Norwei Katika Vita Kuu ya Pili

Tukizungumza juu ya ushujaa wa vitani, mara nyingi fikira zetu huenda kwa askari. Wengi wetu tulisimuliwa vita ile na baba na babu zetu waliokwenda Abisinia na Burma pamoja na King's African Rifles, nao walitueleza habari za mizinga, matope na njaa. Masimulizi hayo ni ya kweli na yastahili heshima. Lakini uko ushujaa wa namna nyingine, usiokuwa na mavazi rasmi wala nishani. Ni ushujaa wa mtu aliyebaki nyumbani, mwenye mke na watoto na mshahara wa mwezi, ambaye siku moja huletewa karatasi mezani akaambiwa, "Kubali." Naye hakubali.

Habari ninayotaka kuwasimulia wasomaji leo ni ya walimu wa shule katika nchi ya Norwei mwaka wa 1942. Watu hawa hawakushika bunduki. Silaha yao ilikuwa kalamu, wino na stempu ya posta. Hata hivyo walimzuia mtawala aliyekuwa na jeshi kubwa la Wajerumani nyuma yake, na jambo alilolitaka kwao hakulipata.

NCHI ILIYOVAMIWA

Norwei ni nchi ndefu na nyembamba iliyo kaskazini mwa Ulaya, yenye milima, bahari na baridi kali. Wakati wa vita watu wake walikuwa milioni tatu tu hivi, wengi wao wakulima, wavuvi na mabaharia. Tarehe 9 Aprili 1940 majeshi ya Hitler yaliivamia. Wanorwei walipigana muda wa miezi miwili, kisha tarehe 7 Juni Mfalme Haakon wa Saba na mawaziri wake walipanda meli kwenda Uingereza ili waendelee na vita kutoka huko.

Wajerumani walimweka mtu wao aitwaye Josef Terboven kuwa mkuu wa nchi. Chini yake alikuwako Mnorwei mmoja, Vidkun Quisling, kiongozi wa chama kidogo kilichofuata mafundisho ya Hitler. Kabla ya vita chama hicho hakikupata hata kiti kimoja katika bunge. Sasa, kwa nguvu za wageni, Quisling alipewa cheo cha Waziri Mkuu tarehe 1 Februari 1942. Jina lake limebaki hata leo katika lugha nyingi za Ulaya, maana yake msaliti.

Watu wa kawaida wangefanya nini? Walianza na mambo madogo. Wanafunzi walichukua kibanio cha karatasi, kile kijiwaya kilichopindwa ambacho kila karani hukitumia kila siku, wakakivaa kifuani mwa koti. Maana yake ilikuwa, "Tumeshikamana." Wengine walivaa kofia nyekundu za kufuma. Katika kuta na theluji waliandika herufi H na namba 7, alama ya mfalme wao. Wakubwa walikasirika wakapiga marufuku, hata kofia nyekundu zikawa kosa. Msomaji aweza kucheka, lakini serikali inayoogopa kofia imekwisha kuonyesha udhaifu wake.

SHERIA MBILI

Siku nne tu baada ya kupandishwa cheo, yaani tarehe 5 Februari 1942, Quisling alitoa sheria mbili. Ya kwanza iliunda chama kipya cha walimu, ambacho kila mwalimu alilazimishwa kuwa mwanachama wake, apende asipende. Uongozi wa chama hicho ulitiwa mikononi mwa mtu aliyetoka katika wanamgambo wa Quisling. Sheria ya pili iliamuru kwamba kila mtoto mwenye umri wa miaka 10 hadi 18 aingizwe katika utumishi wa vijana wa chama, akalelewe kwa mfano wa vijana wa Hitler.

Shauri lenyewe lilifikiriwa kwa werevu. Mtu mzima amekwisha kuwa na mawazo yake, na kumgeuza ni kazi. Lakini mtoto ni udongo ulio laini, nao wahenga wasema, samaki mkunje angali mbichi. Ukimpata mwalimu umempata mtoto, na ukimpata mtoto umeipata nchi ya kesho. Tena Quisling alikusudia kuwaanza walimu, kisha awafuate watu wa kazi nyingine mmoja mmoja, mpaka kila mfanya kazi awe ndani ya chama cha serikali yake.

SIKU MOJA, MANENO MAMOJA

Walimu wachache walikutana kwa siri mjini Oslo. Walijua kwamba mwalimu mmoja akikataa peke yake, atafutwa kazi asubuhi na kusahauliwa jioni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Basi wakatunga tamko fupi, la maneno machache ambayo mtu aweza kuyaandika upande mmoja wa karatasi. Lilisema kwamba mwandikaji hawezi kushiriki katika kuwalea vijana wa Norwei kwa njia ya utumishi ule wa chama, kwa kuwa ni kinyume cha dhamiri yake. Na kwa kuwa chama kipya cha walimu kingemlazimisha kufanya hivyo, yeye hajihesabu kuwa mwanachama wake.

Maneno hayo yalipelekwa nchi nzima kwa mkono, kutoka mtu mwaminifu hata mtu mwaminifu, mpaka katika vijiji vya wavuvi na shule ndogo za milimani. Na agizo lililofuatana nayo lilikuwa hili: kila mwalimu aandike barua yake mwenyewe, atie jina lake na anwani yake, na wote waitie posta siku moja, tarehe 20 Februari 1942.

Sisi tunaofanya kazi ya ofisini twajua uzito wa sahihi. Karatasi isiyo na jina ni uvumi tu. Karatasi yenye jina na anwani ni mtu mwenyewe amesimama mbele yako. Hebu tumfikiri mwalimu wa shule ya kijijini usiku ule. Barua imekwisha kuandikwa, taa yawaka, watoto wamelala. Hajui kama mwenziwe wa kijiji cha pili ameandika au ameogopa. Hakuna simu ya kuuliza jambo kama hilo, wala hakuna mkutano wa kupiga kura. Ajua jambo moja tu, kwamba polisi hawatakuwa na kazi ya kumtafuta, maana mwenyewe amewaandikia mahali anapokaa. Akiipiga chapa bahasha ile kwa ulimi na kuipeleka posta, hawezi kuirudisha.

Basi waliipeleka. Katika walimu wapatao 14,000 wa nchi ile, hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba karibu 12,000 waliandika. Barua zilifika wizarani kwa maelfu, zote zikisema neno moja, kila moja kwa mwandiko wake.

KUNI NA BARUA ZA WAZAZI

Quisling alitisha kwamba atawafuta kazi wote. Lakini mtu hawezi kuwafuta walimu wa nchi nzima kisha aseme bado ana shule. Mwisho wa mwezi wa Februari akafunga shule kwa muda wa mwezi mmoja, na sababu iliyotangazwa ilikuwa ukosefu wa kuni na makaa ya kupashia madarasa moto.

Hila hiyo haikumsaidia. Kwanza, wazazi ambao labda hawakuwa na habari za ugomvi huo walianza kuulizana kwa nini shule zimefungwa, na hivyo habari zikaenea haraka kuliko gazeti lolote lingaliweza kuzieneza. Watu wa mashamba na misitu walijitolea kuleta kuni, wakisema kuni ziko tele. Walimu wengine waliwafundisha watoto katika nyumba za watu.

Pili, wazazi nao walishika kalamu. Mwezi wa Machi barua nyingine zilianza kumiminika wizarani, kila moja na jina la mzazi, ikisema kwamba hataki mtoto wake aingizwe katika utumishi wa vijana wa chama. Wapo wanaozihesabu barua hizo kuwa hata 200,000. Fikirini, ndugu wasomaji, gunia baada ya gunia la barua katika nchi ya watu milioni tatu.

Kanisa pia halikunyamaza. Maaskofu wote saba waliacha kazi ya serikali tarehe 24 Februari, na siku ya Pasaka, tarehe 5 Aprili, wachungaji walio wengi mno walitangaza makanisani mwao kwamba nao wanaacha utumishi na mshahara wa serikali, ila hawaachi kuwahudumia Wakristo wao. Askofu Eivind Berggrav wa Oslo alifungwa peke yake katika nyumba ndogo msituni karibu mpaka mwisho wa vita.

KUTIWA KIFUNGONI

Barua haikumaliza mambo. Mwezi wa Machi amri ilitolewa, na walimu wanaume wapatao 1,100 walikamatwa, huyu hapa na yule pale, ili wengine waogope. Karibu 700 kati yao walipelekwa katika kambi iitwayo Jørstadmoen, karibu na mji wa Lillehammer, wakati theluji ingali nene.

Huko walipewa chakula kidogo, wakafanyishwa mazoezi ya kuwachosha na kuwadhalilisha. Walilazimishwa kukimbia na kutambaa katika theluji na matope, wazee na vijana pamoja. Kisha waliitwa mmoja mmoja na kuulizwa: je, wataka kuifuta barua yako urudi nyumbani leo? Waliokubali walikuwa wachache sana. Wala tusiwahukumu wachache hao, maana sisi hatukuwa katika theluji ile.

Katikati ya Aprili walimu wapatao 500 walitiwa katika mabehewa ya ng'ombe na kupelekwa kwa reli mpaka Trondheim. Yasimuliwa kwamba watoto wa shule walisimama katika stesheni wakiwaimbia walimu wao garimoshi lilipokuwa likipita. Kutoka Trondheim walijazwa katika meli ya zamani iitwayo Skjerstad, iliyokuwa ndogo mno kwa watu wengi hivyo, wakasafiri karibu majuma mawili kuelekea kaskazini. Walishushwa Kirkenes, mji ulio mwisho kabisa wa nchi karibu na mpaka wa Urusi, mahali ambapo wakati wa kiangazi jua halitui usiku wala mchana. Baadaye wengine wapatao 150 waliwafuata.

Kazi yao Kirkenes ilikuwa kupakua shehena za jeshi la Wajerumani bandarini: mapipa, masanduku ya chakula na hata risasi. Mikono iliyozoea chaki na vitabu ilichubuka. Baadhi yao waliumia. Jioni, ingawa walichoka, walifundishana masomo na kuimba kwaya, kila mtu akitoa alichokijua. Walikuwa walimu hata humo kambini, na labda jambo hilo ndilo lililowashikiza wasikate tamaa.

Nyumbani wake zao walibaki bila mshahara. Hapo ushujaa uliwahusu watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Fedha zilichangwa kwa siri na kupelekwa kwa jamaa za waliofungwa. Mtu aliyechanga hakupata risiti, wala asingeitaka.

WALIOBAKI DARASANI

Shule zilipofunguliwa tena, walimu waliobaki walijua yaliyowapata wenzao. Wengi walisimama mbele ya darasa, wakawasomea watoto tamko fupi: kwamba mwalimu hakubali kuwa mwanachama wa chama kile, na kwamba kazi ya mwalimu si kumpa mtoto elimu peke yake, bali pia kumfundisha kupenda kweli na haki. Lilikuwa tendo la hatari, maana masikio ya watoto hamsini hayafichi siri.

Mwezi wa Mei Quisling mwenyewe alikwenda katika shule moja ya Stabekk, karibu na Oslo, akawafokea walimu kwa hasira kubwa, akisema wao ndio waliomharibia kila kitu. Walimu wa Stabekk walikamatwa. Lakini hasira hiyo ilikuwa kama hati ya ushindi. Kwa kinywa chake mwenyewe alikiri kwamba watu wasio na silaha wamemzuia njiani.

Kuanzia mwisho wa kiangazi, walimu wa Kirkenes walianza kurudishwa makwao kundi kwa kundi, na wa mwisho walirudi mwezi wa Novemba 1942. Hawakuifuta barua yao. Chama cha walimu cha Quisling kilibaki jina tu, na shauri lake la kuwatia watu wa kazi zote katika vyama vya serikali liliachwa kwa agizo la Hitler mwenyewe. Watoto wa Norwei hawakulelewa kuwa vijana wa Hitler.

UPANDE WA PILI WA KALAMU

Ningependa kuishia hapo, lakini habari isiyo kamili ni nusu ya uwongo. Mwaka ule ule wa 1942 kalamu ilifanya kazi nyingine katika nchi ile ile.

Walikuwako Norwei Wayahudi kama 2,100. Mwanzoni mwa mwaka vyeti vyao vilipigwa mhuri wa herufi J, nao wakapewa fomu za kujaza majina, mali na mahali wanapokaa. Fomu zilijazwa, zikahesabiwa, zikapangwa katika majalada. Kwa wakati ule ilionekana kuwa kazi ya kawaida ya ofisi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Novemba 1942, polisi Wanorwei, wakiwa na orodha mkononi na teksi 100 barabarani, walizunguka mji wa Oslo wakikusanya wanawake, watoto, wazee na wagonjwa. Siku ile meli iitwayo Donau iliondoka bandarini na watu zaidi ya 500. Wayahudi wapatao 770 kwa jumla walipelekwa kutoka Norwei, na waliorudi wakiwa hai hawakufika 40.

Viongozi wa Kanisa walikuwa wamemwandikia Quisling barua ya kupinga mateso ya Wayahudi majuma mawili kabla. Safari hii barua haikutosha. Hapakuwa na maelfu ya sahihi za siku moja, wala magunia ya barua za wazazi. Na orodha zilikuwa zimekwisha kuandikwa.

Hata hivyo Wayahudi zaidi ya nusu waliokoka, wengi wao kwa kukimbilia Uswidi, na waliowavusha walikuwa watu wa kawaida. Madaktari na wauguzi waliwaficha katika vitanda vya hospitali. Wakulima wa mpakani waliwaongoza usiku katika misitu. Mtunza bustani mmoja wa Oslo, pamoja na rafiki zake, alitumia bustani yake ya miche kuwa mahali pa kukusanyia wakimbizi, wakawapakia katika malori na kuwafunika kwa turubai kama shehena. Mamia ya watu walipita kwa njia hiyo. Mtunza bustani huyo alikamatwa baadaye, akauawa kwa risasi mwaka wa 1944.

TUJIFUNZE NINI?

Wajerumani waliokuwa Norwei waliweka silaha chini mwezi wa Mei 1945. Mfalme alirudi tarehe 7 Juni, miaka mitano kamili tangu alipoondoka. Quisling alihukumiwa na kupigwa risasi tarehe 24 Oktoba mwaka ule. Tusijidanganye kwamba barua za walimu ndizo zilizomwangusha Hitler. Aliangushwa na majeshi. Lakini majeshi yaliposhinda, nchi iliyokombolewa ilikuwa bado na watoto waliofundishwa kweli, na hilo ni tunda la kalamu.

Naona kwamba habari hii yatufaa hasa sisi tulio makarani, walimu, wakulima na wazazi. Mara chache sana mtu wa kawaida huitwa kufanya jambo kubwa mbali na kazi yake. Mara nyingi jaribu lake humjia pale pale anapofanyia kazi. Mwalimu hujaribiwa darasani, karani hujaribiwa kwenye jalada lake, dereva hujaribiwa garini, mkulima hujaribiwa mgeni anapobisha mlango usiku. Mdhalimu hawezi kufanya kila kitu kwa mkono wake. Ahitaji mtu wa kufundisha, mtu wa kuandika orodha, mtu wa kuendesha teksi. Kila mmoja wao ana nafasi ndogo ya kusema siwezi.

Walimu wale walitufundisha pia namna ya kusema hivyo: kwa maneno machache, bila matusi, kwa jina lako mwenyewe, na pamoja na wenzako. Na Wayahudi wa Oslo watukumbusha gharama ya kuchelewa, wakati fomu ingali mezani na yaonekana kuwa karatasi tu.

Basi, msomaji, siku nyingine utakapoletewa karatasi ya kutia sahihi, isome mpaka mwisho kabla ya kuchovya kalamu.